Kabla Hujaandika Barua ya Kujiuzulu

Bosi akikuita ofisini akakwambia, "Andika tu barua ujiuzulu mwenyewe, usije ukaharibu jina lako," usiiandike siku hiyo. Omba muda, rudi nyumbani, shauriana na mtu unayemwamini. Kujiuzulu si kosa, na watu hujiuzulu kila siku kwa sababu zao nzuri. Lakini kwa sheria ya kazi ya Kenya, haki zako nyingi zinategemea jambo moja: ni nani aliyeukatisha mkataba. Mwajiri akiukatisha yeye, ana mengi ya kujibu. Ukiukatisha wewe, karibu yote hayo yanamwondokea, na barua ya mistari minne uliyoiandika kwa mkono wako ndiyo itakayokuwa ushahidi wake.

Mazungumzo yetu kuhusu haki za mfanyakazi huanza kwa kuchelewa. Mtu ameshatoka, ameshasaini kila alichopewa, ameshakabidhi funguo na simu ya kampuni, ndipo anauliza kama alitendewa haki. Siku zenye uzito ni zile chache kabla ya kutoka, na ndizo nataka tuziangalie.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Nyuma yake imesimama Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya watu wa tai na kompyuta peke yao. Inamhusu mlinzi wa usiku, yaya, fundi wa gereji, mhudumu wa hoteli na mwalimu wa shule ya kibinafsi. Walioachwa nje ni wachache: wanajeshi, polisi, askari wa magereza, Huduma ya Vijana kwa Taifa, na wategemezi wa mwajiri pale ambapo wao ndio wafanyakazi pekee katika biashara ya familia. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukutoi katika ulinzi huo. Jukumu la kuuandika mkataba ni la mwajiri, na kesi ikifika mahakamani naye hana karatasi, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba masharti unayoyadai hayakuwapo.

Hesabu ya mtu mmoja

Tumchukue mtunza stoo katika ghala moja la Shimanzi, Mombasa. Mshahara wake ni shilingi 39,000 kwa mwezi. Ametimiza miaka minne na miezi saba. Likizo za miaka minne ya kwanza alizichukua zote, ya mwaka huu bado. Mwezi huu amefanya kazi siku 12. Ukigawanya mshahara wake kwa siku 26 za kazi, siku moja inakuwa shilingi 1,500.

Akijiuzulu na kutoa notisi vizuri, atalipwa siku alizofanya kazi, yaani 18,000. Atalipwa pia likizo aliyoichuma. Sheria inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, na anayeondoka katikati ya mwaka, mradi ametimiza angalau miezi miwili, hupata siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Miezi saba inampa siku 12 na robo, ambazo ni 18,375. Jumla 36,375.

Akifutwa papo hapo kwa kosa kubwa, na kosa likathibitika kwa njia halali, atapata hizo hizo 36,375. Hapa waajiri wengi hukosea kwa makusudi au kwa kutojua. Hata mtu aliyeiba ana haki ya kulipwa alichokifanyia kazi mpaka siku ya kufutwa. Mshahara si zawadi inayoweza kunyang'anywa kwa hasira.

Sasa tuseme kampuni imeamua kufunga stoo ile na nafasi yake inaondolewa. Mambo hubadilika. Juu ya zile 36,375 anapata notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, yaani 39,000, na malipo ya kupunguzwa kazi ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka minne ni siku 60, ambazo ni 90,000. Jumla inafika 165,375. Mwajiri aliyekwisha kuamua kufunga stoo, kisha akamshawishi mtu huyu ajiuzulu "kwa heshima," ameokoa shilingi 129,000 kwa karatasi moja ambayo hakuiandika yeye.

Na mtunza stoo akiachishwa isivyo haki, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, ambayo kwake ni 468,000, pamoja na notisi. Nasisitiza neno hadi. Jaji huangalia mambo mengi: umefanya kazi miaka mingapi, una nafasi gani ya kupata kazi nyingine, na wewe mwenyewe ulichangia kiasi gani katika yaliyotokea. Wengi hupata miezi michache. Anayekuahidi kwamba mishahara 12 ni ya lazima anakudanganya.

Kuna pia malipo ya utumishi, yaani pesa ya miaka uliyomtumikia mwajiri, ambayo watu huyachanganya na yale ya kupunguzwa kazi. Haya ni ya mtu ambaye hakuwa katika NSSF, wala mfuko wa pensheni, wala mpango mwingine wa kiinua mgongo. Kama mwajiri alikuwa akikuchangia NSSF, hupati. Kwa hiyo kabla hujaingia katika ubishi wowote, chukua taarifa yako ya NSSF uone kama zile pesa ulizokuwa ukikatwa kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara zilifika kweli. Wapo waliokatwa kwa miaka wakakuta akaunti haina kitu, na hilo ni dai la kujitegemea dhidi ya mwajiri.

"Nimekulipa notisi, tumemalizana"

Zamani sentensi hii ilikuwa na nguvu. Chini ya sheria iliyotangulia, Sura ya 226, mwajiri aliweza kukuachisha kwa kukupa notisi au pesa badala ya notisi, na hakulazimika kusema kwa nini. Wazee wengi walifanya kazi chini ya utaratibu huo, na wapo mameneja wanaouendeleza hadi leo kama vile haukufutwa. Sheria ya 2007 iliubadilisha kabisa. Notisi sasa ni sehemu moja tu. Mwajiri lazima awe na sababu ya kweli na ya haki, na lazima apitie utaratibu wa haki kabla ya kuamua. Akiwa na sababu nzuri lakini akaruka utaratibu, kuachisha huko si kwa haki. Akifuata utaratibu wote lakini sababu ikawa ya kubuni, vilevile.

Sababu zinazokubalika zinahusu mwenendo wako, uwezo wako wa kufanya kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Zipo ambazo haziwezi kuwa halali hata siku moja: ujauzito, kwenda likizo unayostahili, kujiunga na chama cha wafanyakazi au kukataa kujiunga nacho, kabila, dini, jinsia, msimamo wa kisiasa, hali ya ndoa, ulemavu, kuishi na virusi vya UKIMWI, kushiriki mgomo halali, au kumshtaki mwajiri kwa malalamiko yasiyo ya uzushi. Dada anayerudi kutoka likizo ya uzazi ya miezi mitatu akakuta mwingine amekaa kwenye kiti chake, na yeye anaambiwa "tutakupigia," ana kesi.

Utaratibu uko katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira, na kama kuna sehemu moja ya sheria hii inayostahili kubandikwa ukutani kila mahali pa kazi, basi ni hii. Kabla ya kukuachisha kwa sababu ya mwenendo, kazi duni au udhaifu wa afya, mwajiri lazima akueleze tuhuma hiyo kwa lugha unayoielewa. Lazima akuruhusu uje na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Lazima akusikilize wewe, amsikilize na huyo uliyekuja naye, kisha ayapime mliyosema kabla ya kuamua. Mahakama ya Rufani iliyapanga mambo haya waziwazi mwaka 2019 katika kesi ya Shirika la Posta. Hayo ya lugha si mapambo. Mpishi aliyeishia darasa la tano akikabidhiwa kurasa tatu za Kiingereza cha mawakili na kuambiwa ajibu kabla ya saa kumi, hajaelezwa chochote.

Kikao hiki kinatakiwa hata pale ambapo kosa ni la kufutwa papo hapo. Makosa hayo sheria imeyataja: kutoonekana kazini bila ruhusa, kulewa kazini, kupuuza kazi, kumtukana mwajiri au msimamizi wako, kukataa amri halali, kukamatwa kwa kosa linaloweza kukufunga jela na usiachiliwe ndani ya siku 14, na kumwibia mwajiri au kushukiwa wizi huo kwa misingi ya maana. Papo hapo maana yake ni kwamba hupewi notisi. Kusikilizwa kuko palepale.

Barua ya kutakiwa ujieleze ikifika, ijibu, hata kama una hasira na unajua wameshaamua. Jibu kwa maandishi, taja tarehe, taja waliokuwapo, omba nakala za kile wanachokutuhumu nacho, picha za kamera au hesabu za stoo. Ukikaa kimya, mwajiri ataiambia mahakama kwamba alikupa nafasi nawe ukaikataa. Na ukiitwa kikaoni, sema kwa maandishi kwamba unataka kuja na mwenzako fulani. Wakikataa, hilo katazo lao ni lulu kwako.

Jambo jingine linalowakwaza wengi ni kesi ya polisi. Mtu anashtakiwa kwa wizi, anafutwa, miaka miwili baadaye hakimu anamwachilia, naye anadhani kazi yake inamsubiri. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba hizi ni njia mbili tofauti. Kesi ya jinai inahitaji ushahidi usioacha shaka. Mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba wakati ule aliamini kwa dhati, na kwa misingi ya maana, kwamba sababu ilikuwapo. Unaweza kushinda kule ukashindwa huku.

Walio kwenye kipindi cha majaribio nao wana la kujua. Kipindi hicho hakitakiwi kuzidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa miezi sita mingine kwa ridhaa yako. Notisi yake ni siku saba. Kwa muda mrefu sheria iliwanyima watu hawa haki ya kusikilizwa, lakini mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba kuwanyima huko kunapingana na Katiba.

Kampuni inapopunguza watu

Hapa hakuna aliyekosa. Biashara imedorora, mashine imechukua kazi, au kampuni mbili zimeungana. Kwa kuwa mfanyakazi hana hatia yoyote, sheria inamdai mwajiri zaidi. Anatakiwa kukiarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa zoezi. Kama huna chama, unaarifiwa wewe binafsi kwa maandishi pamoja na afisa wa leba. Kuwachagua wa kwenda kunatakiwa kuzingatia ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo inalipwa kwa pesa taslimu, kisha inafuata notisi na zile siku 15 kwa kila mwaka.

Kesi kubwa ya jambo hili ni ya Kenya Airways, iliyopunguza wafanyakazi 447 mwaka 2012. Ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 2014, amri ya kuwarudisha kazini ilifutwa, lakini utaratibu wa kuwachagua ulionekana una kasoro, na majaji walio wengi wakasema mwezi ule wa kuarifu ni wa mashauriano. Maana yake si barua tu ya kutangaza uamuzi uliokwisha kufanywa. Ni nafasi ya kukaa chini na kuuliza: je, wengine wanaweza kuhamishwa idara? Je, saa zinaweza kupunguzwa badala ya watu? Ukiona umeitwa asubuhi, umepewa bahasha ya "kupunguzwa" na mlinzi anakusindikiza getini kabla ya chai ya saa nne, jiulize mwezi huo ulikuwa wapi. Na ukisikia wiki tatu baadaye kwamba nafasi ileile imetangazwa kwa jina jingine, weka tangazo hilo.

Vibarua na mikataba ya muda

Kibarua ni mtu anayeajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa jioni. Kazi yake inaweza kumalizwa mwisho wa siku yoyote bila notisi. Lakini ukifanya kazi siku mfululizo zinazotimiza mwezi mmoja, au ukapewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, sheria inakuhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, na notisi yako inakuwa siku 28. Ndiyo maana kuna wanaowasimamisha vibarua siku mbili tatu kila mwisho wa mwezi kisha kuwaita tena. Andika siku zako. Daftari la shilingi 20 lenye tarehe, kazi uliyofanya na pesa uliyopewa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, limewasaidia watu ambao hawakuwa na barua hata moja.

Ulinzi huu una mpaka wake, na watu wa pwani wanapaswa kuujua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa Krystalline Salt, upande wa Malindi. Walikuwa wakilipwa kwa kipimo cha kazi waliyofanya, si kwa siku. Mahakama ilisema kifungu kinachombadilisha kibarua kuwa mfanyakazi wa mwezi ni cha kibarua wa siku peke yake, na anayelipwa kwa kipande cha kazi hakimhusu. Naona uamuzi huu unawaacha watu wengi peupe, maana kwenye mashamba ya chumvi, kwenye machimbo ya mawe na kwenye kuchuma majani chai, malipo ya kipimo ndiyo ya kawaida, na mtu anaweza kuyafanyia miaka kumi kwa mwajiri mmoja. Mpaka Bunge liibadilishe, ndivyo sheria ilivyo.

Mwenye mkataba wa muda maalum, tuseme wa miaka miwili, mkataba wake hufa wenyewe tarehe ikifika. Mwajiri halazimiki kukupa sababu ya kutouendeleza. Kilichoweza kuwasaidia wachache ni pale mwajiri alipotoa ahadi ya wazi ya kuuendeleza, kwa barua au kwa vitendo vyake. Kwamba uliendelezewa mara mbili huko nyuma, hilo pekee mahakama huliona halitoshi.

Ukiamua kweli kuondoka

Kujiuzulu ni tamko la upande mmoja. Huhitaji kukubaliwa. Mwajiri hawezi kuirarua barua yako akasema hujaondoka, wala hawezi kukuzuilia mshahara wa siku ulizofanya kazi kwa sababu hakuridhika na kuondoka kwako. Unachodaiwa ni notisi. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria inataka siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Mameneja wengi wana miezi miwili au mitatu. Usipotaka kuitumikia unaweza kumlipa mwajiri pesa ya muda huo, na ndiyo sababu mtu anayekimbilia kazi mpya Jumatatu hukuta mshahara wake wa mwisho umekatwa.

Upande wa pili haujulikani sana. Ukitoa notisi ya mwezi, kisha mwajiri akakwambia, "Usisumbuke, ondoka leo," anatakiwa akulipe mwezi huo ambao amekusamehe, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mwombe aliandike hilo la kuondoka leo. Likisemwa kwa mdomo, mtumie ujumbe jioni hiyohiyo: "Kama ulivyonielekeza leo mchana, sitakuja tena kazini kuanzia kesho, ingawa nilitoa notisi ya mwezi mmoja."

Na kuna kujiuzulu ambako sheria inakuchukulia kama kufutwa. Mshahara umepunguzwa nusu bila ridhaa yako, au hujalipwa miezi minne, au umeshushwa cheo bila kusikilizwa, au msimamizi anakutaka kimapenzi na uongozi umenyamaza. Mahakama ya Rufani mwaka 2015, katika kesi iliyoihusu Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati, iliikubali kanuni hii na kuweka kipimo chake: je, mwajiri ameuvunja mkataba kiasi cha kuung'oa mzizi wake? Kuonewa kwa kawaida, bosi mkali, au kunyimwa safari ya semina havitoshi.

Ugumu ni kwamba hapa wewe ndiye wa kuthibitisha. Kwa hiyo mambo matatu yanahesabika sana. Ulilalamika kwa maandishi kabla ya kuondoka? Uliondoka ndani ya muda wa maana baada ya jambo lenyewe, au ulikaa mwaka mzima ukipokea huo mshahara uliokatwa? Na barua yako ya kujiuzulu inasema nini? Watu wetu wana adabu ya kuagana. Mtu ameteswa miezi sita, halafu anaandika: "Nawashukuru sana kwa nafasi mliyonipa, naondoka kwa sababu zangu binafsi." Miezi mitatu baadaye anataka mahakama iamini kwamba alifukuzwa kwa visa. Kama unaondoka kwa sababu hujalipwa tangu Machi, andika kwamba unaondoka kwa sababu hujalipwa tangu Machi. Unaweza kuyasema hayo bila tusi hata moja.

Fomu ya mwisho

Siku ya kuchukua hesabu yako utapewa fomu inayosema umepokea kiasi fulani na kwamba huna dai lolote tena dhidi ya kampuni. Isome neno kwa neno. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufani ilisema fomu ya aina hii peke yake haimwondolei mwajiri wajibu aliowekewa na sheria. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Coastal Bottlers ya Mombasa, ilisema mfanyakazi aliyesaini makubaliano kwa hiari, akijua anachosaini, amefungwa nayo. Maamuzi haya mawili hayagombani. Kila fomu inapimwa kwa mazingira yake: ulielewa? Ulilazimishwa? Ulipewa muda?

Kwa hiyo usisaini kwa matumaini kwamba mahakama itakuokoa baadaye. Kama hesabu huikubali lakini unahitaji pesa hizo kwa kodi ya nyumba, andika kwa kalamu juu ya sahihi yako: "Nimepokea kiasi hiki, sikubaliani kwamba ndicho chote ninachodai." Piga picha. Wakigoma kukulipa mpaka uyafute maneno hayo, weka kumbukumbu ya kugoma kwao.

Kagua pia makato. Keshia anaweza kukatwa upungufu wa pesa kama mkataba wake ulimkabidhi waziwazi kazi ya kupokea na kutunza pesa na upungufu ukatokana na uzembe au wizi wake. Mhudumu wa meza hawezi kukatwa kwa sababu mteja alikula akaondoka bila kulipa. Mali iliyoharibika inakatwa ikiwa umeiharibu kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki. Makato yote kwa pamoja hayatakiwi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Cheti cha utumishi usikisahau. Ukishafanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, mwajiri lazima akupe karatasi yenye jina lake na anwani, jina lako, tarehe uliyoanza, kazi na mahali ulipoifanyia, na tarehe uliyoacha. Halazimiki kukusifu, wala hana ruhusa ya kukunyima kwa sababu mmegombana. Kukataa kwa makusudi ni kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili.

Muda wa kulalamika

Unaweza kumpelekea malalamiko afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu kuachishwa. Ofisi yake haitozi ada, na simu moja kutoka kwake imewahi kuwalegeza waajiri waliokuwa hawapokei simu zako. Mahakamani una miaka mitatu. Kesi hizi husikilizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Eldoret na kwingineko, na tangu 2018 mahakimu wakuu wakazi na walio juu yao wamepewa uwezo wa kusikiliza za watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Unaweza kujisimamia mwenyewe, au chama chako kikakusimamia.

Miaka hiyo mitatu inaanza kuhesabiwa siku uliyofutwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwafungia mlango watu waliongoja kesi yao ya jinai iishe kwanza. Rufaa ya ndani ya kampuni nayo haisimamishi hesabu hiyo. Waajiri wanalijua hilo, na "tunaendelea kulishughulikia suala lako" ni jibu linaloweza kukumalizia muda wako wote. Muda ukipita, jaji hana uwezo wa kukuongezea hata siku moja.

Na kama kazi yako iko ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga au Namanga, usiibebe miaka mitatu ya Kenya. Tanzania Bara, anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Baada ya hapo lazima aombe kibali cha kuchelewa na aeleze sababu ya kila siku iliyopita.